Nati za Baba wa Bibi Harusi

Jumatano, 5 Juni
Gari linavuma mbele. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye gereji, kasikiliza kidogo tu akatangaza: beringi za mbele zimekwisha. Kisha akajitolea, bila kuombwa, kumpeleka binti yangu harusini Jumamosi kwa gari lake jeupe. Apelekwe na mjomba na baba mzazi yupo, mzima wa afya? Thubutu! Nimewatangazia wote mezani: beringi nabadilisha mwenyewe. Mke wangu kacheka mpaka chai ikampalia.

Alhamisi, 6 Juni
Beringi mpya zimeingia, kwa nyundo na maombi. Shemeji kapita kuchungulia. Kasema nati za ekseli, zinazobana beringi, hukazwa kwa spana yenye kipimo, zisizidi wala kupungua. Wivu huo! Nikachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, nikapanda juu yake, nikaruka. Nati ikalia. Nikaruka tena. Akauliza nimekaza kwa kipimo gani. Nimemjibu: cha mtu mzima.

Ijumaa, 7 Juni
Majaribio. Nimezunguka mtaa nikipiga honi ili majirani wanione. Gari zito kidogo. Nikajua ni uimara. Kona ya pili, harufu ya kuungua. Nikamlaani anayechoma takataka. Kona ya tatu, moshi. Wangu. Beringi zote mbili zimeungua. Shemeji kaja kunivuta kwa kamba, tena polepole, katikati ya watu. Kasema nati ikibana kupita kiasi, beringi inajisaga yenyewe. Binti yangu hakunilaumu, alinifuta grisi shavuni tu. Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Juni
Jana tumemwoza binti. Shemeji aliendesha. Mimi nilikaa nyuma na bibi harusi, kanishika mkono njia nzima. Akaniambia anaogopa. Nikamwambia hata mimi. Tukacheka, tukalia, tukaharibu poda yake.

Leo nimewaza. Ningekuwa dereva, ningemwona kwenye kioo tu. Nani kamweka baba kiti cha nyuma? Nati zangu! Na shemeji, fundi mzima, kageuka dereva wangu. Nimekwenda kwake kumweleza. Hakufurahi. Nikamwambia pia kwamba breki zake zinapiga kelele. Kanikataza katakata nisiziguse, kisha akaenda dukani kwa miguu.

Gari lake nimeshalipandisha juu ya jeki.