Ofisa wa Ukombozi wa Salio

Siku serikali ilipofungia tovuti za kucheza kamari ya poka kwa simu, kijiwe cha bodaboda Mlandizi kililia kama kuna msiba. Pesa za vijana zilionekana kwenye kioo, lakini hazitoki. Dotto alikuwa akiisugua simu yake kwa shati, huenda ni vumbi.

Hashiru alikuwa amekuja jirani kunyoa ndevu tu. Aliposikia kilio kile, akamwambia kinyozi amalizie na nywele.

Tuelewane: Hashiru hakuwa mwizi. Mwizi huchukua asichopewa. Hashiru kila alichokuwa nacho alipewa kwa mikono miwili, na shukrani juu.

Kesho yake alirudi kijiweni kachomekea, kitambulisho cha chuo cha udereva kikining'inia shingoni, kimegeuzwa nyuma.

"Pesa zenu hazijapotea," aliwaambia kwa upole. "Zimehifadhiwa. Ila lazima mlipie ada ya ukombozi."

"Si mkate humohumo kwenye salio langu?" Dotto akauliza.

Hashiru akamtazama kwa huruma. "Ndugu yangu, umeona wapi maiti akajinunulia sanda?"

Hoja ikapita. Wakalipa. Dotto alitoa pesa ya tairi.

Siku chache baadaye Dotto akampigia simu. "Ofisa, mama yangu mkubwa yuko Kisarawe, Bi Biasha. Naye zake zimekwama, na ni nyingi kuliko zetu sote."

Mtu mwenye akili angekuwa ameshahama mkoa. Hashiru alikuwa na akili, lakini siku hiyo tamaa iliamka mapema kuliko akili.

Akamkuta Bi Biasha barazani, anabangua korosho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akafuta mikono kwa khanga, akamwonyesha simu. Milioni tisa. Hashiru akameza mate, akataja ada.

"Ada sina, mwanangu," alisema mama. "Nimeshachoka. Kuna mtu wa Mkuza anakuja jioni kuinunua akaunti nzima. Atanipa laki nane, nipumzike."

Asubuhi ile redio ilikuwa imetangaza kwamba wachezaji watarudishiwa pesa zao. Tangazo lile lilikuwa limemtia Hashiru simanzi kubwa ya kibiashara.

"Mama, kwani redio husikilizi?"

"Ilishakufa betri."

Simanzi ikaisha. Hashiru akatoa laki tisa, zote alizokusanya Mlandizi na kidogo za mfukoni mwake, akamhurumia na yule mtu wa Mkuza. Mama akamwandikia nywila kwa mkono wake, akamfungia na korosho za njiani.

Dirisha la marejesho lilikuwa Kibaha. Dada wa dirishani aliitazama simu, akamtazama Hashiru, akarudi kwenye simu.

"Kaka, hizi ni chipsi."

"Chipsi?"

"Siyo za mayai. Chipsi za mazoezi. Ukijiunga unapewa bure ujifunzie. Hapa hakuna hata shilingi."

Hashiru, ambaye maishani hakuwahi kucheza poka, alirudi Kisarawe akiwa na jasho hadi kwenye soksi.

"Mama! Uliniambia una milioni tisa!"

"Nilikuonyesha milioni tisa," Bi Biasha akamsahihisha, bila kuacha korosho zake. "Shilingi ulizitia wewe. Dotto aliponisimulia habari za ofisa wake, nikamwambia nitafutie huyo mtu, nimwone. Kwa laki zako tisa, vijana wote wamesharudishiwa chao. Kilichobaki ni nauli yangu."

"Huu ni utapeli! Nakwenda polisi!"

"Haya."

Mama akainuka, akajitanda khanga, akavaa kandambili. "Twende. Mwendo si mrefu. Tukifika utaanza kueleza wewe, au nianze mimi?"

Wakaongozana. Njiani mama aliwasalimia majirani, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba anamsindikiza mgeni kituoni, ana shida zake. Majirani wakampa Hashiru pole. Hashiru akaipokea.

Walipofika njia panda, Bi Biasha akakata kushoto, kwenye bendera ya polisi. Alipogeuka kumwambia mgeni aangalie mtaro, mgeni alikuwa amenyoosha moja kwa moja, mbio, viatu mkononi.

"Baba!" mama akamwita. "Kituo ni huku!"