Mwenye Kiwanja wa Kukodi

Mafuta alikiona kile kiwanja siku aliyokuwa akimkimbia mwenye nyumba wake. Aliruka mtaro, akajitosa kwenye nyasi zilizomfika kifuani, akachutama humo akihema. Hatari ilipopita akainuka, akaangaza huku na huku. Kumbe yuko kwenye kona ya barabara mbili za lami! Hakuna ukuta, hakuna mlinzi, hakuna hata mbuzi. Moyo uliokuwa ukidunda kwa woga sasa ukadunda kwa mapenzi.

Jina la Mafuta halikutokana na unene, maana alikuwa mwembamba kama njiti ya kiberiti. Lilitokana na maneno yake: yaliteleza. Aliwahi kumuuzia mtu kituo cha basi, na abiria waliokuwa wakisubiri akawahesabu kama wapangaji.

Kesho yake akaenda ofisi ya ardhi, akalipia upekuzi wa hati kama raia mwema. Majibu yakatoka: kiwanja hakina rehani, hakina zuio, hakina kesi. Mmiliki ni mmoja tu, mwanamke. Mafuta aliisoma karatasi ile kama barua ya uchumba. Matapeli wenzake huuza viwanja hewa, ndiyo maana hukamatwa. Yeye atauza kiwanja cha kweli. Mnunuzi apekue mpaka achoke, atakuta kila kitu kimenyooka. Cha bandia kitakuwa kimoja tu, sura ya mwenyewe.

Mnunuzi hakuwa mbali. Bwana Saruji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na tumbo kubwa na tamaa iliyolizidi.

"Mama mwenyewe ana shida, anauza kwa bei ya kutupa," Mafuta alimnong'oneza. "Mimi namhurumia tu."

"Mhurumie taratibu," alisema Bwana Saruji, macho yakimng'aa. "Usimwambie bei ya soko. Ila mimi sinunui mbuzi kwenye gunia. Nitapekua kwanza."

"Pekua, mkubwa wangu! Asiyepekua ni mjinga."

Bwana Saruji akapekua, akarudi anacheka peke yake.

Ikabaki kumpata mama. Mafuta akakaa kwenye kiti cha kinyozi, pale pale mkabala na kiwanja, akasema huku ananyolewa, "Nina mchezo wa kuigiza. Natafuta mwanamama wa makamo, mwenye heshima zake. Aigize mwenye kiwanja."

"Kiwanja kipi?" aliuliza kinyozi.

"Hicho hapo. Cha mfano tu."

Kinyozi akakitupia kiwanja jicho, kisha akaendelea na wembe. "Nitakuangalizia."

Baada ya siku chache akaja mama mmoja mwenye miwani, mkoba kwapani, mwendo wa kutohimizwa na mtu. Mafuta akamzunguka kama anayekagua ng'ombe mnadani.

"Haya, mama yangu. Sema: kiwanja hiki ni changu."

"Kiwanja hiki ni changu," mama akasema.

"Hapana, hapana! Huaminiki. Sema kama mtu aliyekitolea jasho."

Mama akaiweka sawa miwani yake. "Nilikinunua mwaka niliofiwa na mume wangu. Nilishona nguo za watu mpaka macho yakaharibika. Mawe ya mpaka niliyaona yakichimbiwa moja moja."

Mafuta akapiga makofi. "Umezaliwa na kipaji! Hiyo ya mume iache humo humo." Akamwahidi ujira wa siku moja, akamkodishia gauni la maana, akawalipa na vibarua wafyeke nyasi. Atakaye cha mvunguni sharti ainame, alijiambia.

Siku ikafika. Ofisini kwa wakili, Bwana Saruji alitaja bei yake, ndogo ya kutia aibu. Mafuta akamkonyeza mama akubali.

"Bei hiyo kanunulie banda la kuku," mama akasema. "Kona ya lami mbili? Taja ya watu wazima."

Mafuta alimkanyaga mguu chini ya meza. Mama akamkanyaga yeye zaidi. Lakini Bwana Saruji, aliyekwisha kujiona ghorofani, akapanda, akapanda tena, mpaka ikafika bei ya haki. Mafuta akaona kumbe mchezo umenoga.

"Hati na kitambulisho," akasema wakili.

Mafuta alipeleka mkono kwenye bahasha yake ya vitu vya kughushi. Mama alikwisha kufungua mkoba na kuweka vya kwake mezani. Mafuta akavitazama, akaona wivu. Mhuri ule! Karatasi ile!

"Umechongesha wapi?" akanong'ona.

"Ofisi ya ardhi."

"Una mtu wako mle ndani?"

Kabla hajajibiwa, wakili akamwita afisa wa ardhi aliyekuwa akisubiri nje na jalada la kiwanja. Mama akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza. Afisa akailinganisha alama hiyo na ile ya jaladani, akatikisa kichwa kukubali.

"Ndiye mwenyewe."

Karatasi huchongwa. Dole gumba halichongwi. Mafuta alibaki mdomo wazi, nzi angeingia na kutoka.

Fedha zikaingia kwenye akaunti ya mmiliki, kama sheria isemavyo. Barazani Mafuta akamfuata mama mbio.

"Mama! Na mimi je?"

"Wewe vipi, mwanangu? Kinyozi ni mpwa wangu, alinipigia simu siku ile ile. Muda mrefu nilikuwa natafuta mnunuzi, sipati wa maana." Akanyoosha kiganja. "Nimeigiza vizuri? Basi nipe ujira wangu."

"Nikikataa?"

"Tutarudi ndani, umweleze afisa ulinikodi nije kufanya nini."

Mafuta akatoa noti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeng'olewa meno.

Bwana Saruji akatoka na wakili, uso umejaa furaha, akaushika mkono wa Mafuta kwa mikono yake miwili.

"Madalali wote mji huu ni wezi," akamwambia wakili. "Huyu kanipa kiwanja safi, hati safi, mwenyewe halisi, na hata asilimia yake hajadai! Nitamtangaza kwa kila mtu."

Mafuta akainamisha kichwa. Katika maisha yake yote hajapata kufedheheka namna ile.