Sigara ya Afya ya Mas Jarot

Jarot Wisaksono alikuwa mkahawani anamalizia supu ya nyati na kuwaza ahamie mji gani, maana Semarang alikuwa hawezi kurudi tena na Solo ndiyo kabisa, pale mzee wa meza ya pili alipobamiza pakiti ya sigara mezani hadi vikombe vikaruka.

"Hebu tazameni! Picha ya mapafu meusi kama sufuria, na sasa serikali inasema iwe kubwa zaidi! Mimi nauza sigara au nauza misiba?"

Mzee huyo alikuwa Pak Sukirlan, mwenye karakana ya kusokota sigara za karafuu, moja ya zile ndogondogo zilizojaa Kudus, mji ambao hewa yenyewe inanukia karafuu. Jarot akaweka kijiko chini taratibu. Alifuta mdomo, akachana nywele kwa vidole, na alipogeuka alikuwa tayari mtu mwingine.

"Samahani Pak, mzee wangu, sikukusudia kusikiliza. Ni kwamba mimi ndiye ninayepima moshi."

"Unapima nini?"

"Moshi. Dokta Jarot, Taasisi ya Taifa ya Moshi Safi." Akapunguza sauti. "Sigara ikionekana haina madhara, mwenyewe anapewa cheti. Akishakuwa na cheti, picha haimhusu."

Haijawahi kuwapo taasisi ya jina hilo, wala sheria haina mlango wa namna hiyo. Lakini Pak Sukirlan alikuwa na hamu, na mtu mwenye hamu haulizi anwani ya ofisi.

Asubuhi iliyofuata Jarot aliingia karakanani na sanduku la bati linalong'aa. Wanawake arobaini waliokuwa wakisokota sigara, mikono ikienda kasi huku midomo ikienda kasi zaidi, wakanyamaza. Ndani ya sanduku mlikuwa na pampu ya tangi la samaki, taa nyekundu, na mshale uliotii kidole gumba cha Jarot kupitia uzi mwembamba. Akawasha sigara, akapuliza moshi kwenye mpira wa pampu. Pampu ikakoroma. Mshale ukayumba, ukasita, kisha ukalala kwenye sifuri.

"Subhanallah," akanong'ona Jarot, kama mtu aliyeshtuka kweli. "Pak, karafuu yako inausafisha moshi kabla haujafika kifuani."

Wanawake wakapiga makofi. Pak Sukirlan nusura alie. Mmoja tu hakupiga makofi: Bu Rumini, shemeji yake Pak Sukirlan, msimamizi wa karakana na mwenye funguo zote pamoja na ile ya kabati la makaratasi.

"Inausafisha," alisema Bu Rumini.

"Kabisa, Bu, mama yangu. Wewe mwenyewe si unaona koo halikwaruzi ukivuta karafuu?"

"Mimi sivuti. Lakini mume wangu alivuta. Miaka thelathini alikuwa muonjaji hapa, kila mchanganyiko mpya anauvuta yeye kwanza. Njoo umsalimie."

Pak Kasdi alikuwa amekaa barazani nyuma ya karakana, akichambua vikonyo vya karafuu kwenye ungo. Shingoni alifunga kitambaa cheupe, na pumzi yake ilipita chini ya kitambaa hicho, kwenye tundu la koo lililopasuliwa, kwa mluzi mdogo. Sauti hakuwa nayo tena. Aliandika kwenye kibao cha chaki: *Karibu Dokta.* Kisha akafuta, akaandika: *Umekula?*

Jarot alisema amekula. Aliangalia ungo, akaangalia viatu vyake, akaaga. Mpaka anafika getini alikuwa amesharudi kuwa Jarot, na mfukoni mlikuwa na rupia milioni thelathini za Pak Sukirlan, malipo ya cheti.

Angeondoka jioni ileile. Basi la Surabaya lilikuwa linapiga honi. Lakini Bu Rumini alimfuata hadi kituoni, mwavuli mkononi, bila hata dalili ya hasira.

"Mas Jarot, kaka yangu, niseme jambo? Nakuonea huruma."

"Mimi?"

"Umegundua sigara isiyo na madhara, halafu unamwachia shemeji yangu utajiri wote kwa cheti kimoja? Watu wangapi wanavuta nchi hii? Wote wangeikimbilia. Ningekuwa wewe ningeiuza mwenyewe, kwa jina langu, na uso wangu juu ya pakiti. Uso wenyewe Mungu amekupa, Mas."

Jarot akajitazama kwenye kioo cha basi. Hakuona sababu ya kubisha.

"Na sigara nitazitoa wapi?"

"Kwetu. Tunakuuzia kwa bei ya jumla, sigara halali, zina stempu za ushuru na picha zake, na risiti tunakupa. Ukishanunua, utazitia kwenye pakiti gani si kazi yetu. Mchapishaji namjua."

Dereva akapiga honi mara ya tatu. Jarot alikuwa amewalisha watu maneno kwa miaka kumi na saba, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumlisha yeye. Ladha yake hakuijua. Akateremsha sanduku lake.

Pak Sukirlan aliposikia, alimfuata Bu Rumini stoo. "Umempa biashara yangu! Cheti ni changu mimi!"

"Pesa zako si amezirudisha zote kwa kununua sigara? Mzigo si umetoka? Basi ngoja mpaka Alhamisi."

"Alhamisi kuna nini?"

"Wewe ngoja tu."

Siku tatu Jarot alijifungia chumba cha kupanga, akizihamisha sigara kutoka pakiti zenye mapafu meusi kwenda pakiti za kijani zenye uso wake, meno yote nje, na maneno makubwa: SIGARA YA AFYA. INATIBU KIFUA. IMETHIBITISHWA NA DOKTA JAROT. Pakiti za zamani pamoja na stempu zake akazichoma uani. Huku akihamisha alivuta, na huku akivuta alikohoa, na kila alipokohoa alisema ni vumbi.

Alhamisi akasimama sokoni na kipaza sauti.

"Mama, mume ana pumu? Mnunulie hii! Babu, kifua kinabana? Vuta mbili asubuhi, mbili jioni!"

Ziliuzika vizuri mno. Alikuwa amebakiza katoni mbili pale wanaume wawili wenye sare ya ushuru na mama mmoja wa idara ya afya walipojipanga foleni kama wateja. Mama yule akachukua pakiti, akaiinua usawa wa uso wa Jarot, akatazama huku, akatazama kule.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Bu! Ukitaka naweka sahihi."

"Weka hapa," akasema, akampa fomu. "Kuuza sigara bila stempu, bila picha ya onyo, na kudai kwamba zinatibu. Yule mama aliyetupigia simu alituambia tutakutambua kwa meno."

Jarot akafungua mdomo aeleze habari za Taasisi ya Taifa ya Moshi Safi, na badala ya maneno kikatoka kikohozi kirefu kilichomwinamisha hadi kichwa kikagusa meza.

Kwa sababu ya kikohozi hicho walimpitisha kwanza kwa daktari, kijana mpole aliyemwekea chombo mgongoni akasikiliza. Akasogeza. Akasikiliza tena, muda mrefu.

"Unavuta za karafuu tu?"

"Za karafuu tu, Dokta. Hazikwaruzi."

"Hazikwaruzi kwa sababu karafuu inatia koo ganzi. Kwa hiyo unavuta kwa nguvu zaidi, moshi unashuka chini zaidi, na wewe husikii kitu. Mas, una miaka mingapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Hiki kifua nimezoea kukisikia kwa wazee wa miaka sabini. Tukipiga picha tutajua zaidi. Lakini leo ndiyo siku ya kuacha."

Jarot akamkazia macho, jinsi fundi anavyomkagua fundi mwenzake. Alitazama mikono ya yule kijana, akatazama kope zake, akasubiri atajiwe bei. Hata akasogea karibu, akitafuta uongo umejificha wapi, maana uongo ndicho kitu pekee alichokuwa na utaalamu nacho.

Alitafuta sana. Kisha akakaa chini, na kwa sauti ndogo ambayo hata yeye hakuijua, akauliza, "Naanzaje?"