Viti Sitini vya Kanisa

Jumanne, 1 Julai

Ushuru umeanza leo! Kila kiti, meza na kabati kutoka nje ya nchi sasa vinalipiwa zaidi mpakani. Nilifungua karakana mapema ili nimwone Mwihaki akibadilisha bei. Duka lake liko mbele yangu, tunatenganishwa na barabara tu, na ndani amejaza viti vya China. Akabandika karatasi mpya. Kiti cha kanisa, ambacho wiki jana kilikuwa elfu tatu, sasa ni elfu nne na mia tano. Nilimpungia mkono kwa huruma.

Kanisa letu hapa Litein linataka viti sitini. Nilikuwa nimesema elfu tatu na mia tano kila kimoja, Mwihaki akanishinda. Na Lazarus, fundi wangu wa miaka kumi na moja, alishaniambia wazi: tusipopata kazi hiyo, anaondoka. Bila Lazarus, karakana hii ni mimi na kibao cha mlangoni. Mimi nikichonga miguu minne, mitatu inagombana na wa nne.

Lazarus alisema tubaki palepale, elfu tatu na mia tano, kazi ni yetu. Nikamwuliza ile elfu moja iliyo katikati tunamwachia nani. Tutasema elfu nne na mia nne. Bado tuko chini ya Mwihaki! Alipuliza vumbi la mbao kwenye randa.

Nikakaa mlangoni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya chai hadi bondeni, na ndani yake nikaona kiwanda. Mafundi hamsini. Lazarus amevaa koti jeupe. Mimi sijui nilikuwa nafanya nini humo, lakini nilikuwa nimenenepa.

Jumatano, 2 Julai

Kericho, kununua skrubu, gundi, sponji na kitambaa. Vyote vimepanda! Nikamwambia Ogoti, mwenye duka, kwamba ushuru ni wa viti, si wa skrubu. Akasema hata skrubu zina ushuru wake mwaka huu, kisha akanigeuzia pakiti nisome zilikotoka. Nikasoma. Heri nisingesoma. Gundi pia. Sponji pia. Kumbe katika kiti changu cha Kikenya, Mkenya ni mbao peke yake.

Bei mpya: elfu nne, mia nne na tisini. Bado niko chini!

Njiani kurudi niliwatazama wachuma chai kupitia dirishani. Wanasimama tangu asubuhi, maskini. Nikawaza kila mmoja apewe kiti chake humo katikati ya chai. Viti elfu kumi! Watachuma vipi wakiwa wamekaa, hilo sikulifikia. Niliposhtuka gari lilikuwa limepita Litein, niko Kapkatet. Nikarudi kwa miguu, na bado nilikuwa na furaha.

Ijumaa, 4 Julai

Kamati ya kanisa. Nilizungumza vizuri sana. Niliwaambia kiti cha nje ni ugali wa watu wa nje, na kiti cha Lazarus ni karo ya watoto wa Lazarus. Mama Chepkurui, mwenyekiti, alifuta macho. Watu walipiga makofi. Ningeondoka hapo, ningekuwa shujaa.

Wakauliza bei. Nikaitaja.

Mzee Johana akauliza kwa nini mwezi jana ilikuwa elfu tatu na mia tano. Nikasema ni ushuru. Akauliza kama mbao nazo zimelipiwa ushuru. Nikasema siku hizi mzee, mbao, unajua, mambo ni mengi.

“Noah, si huo mti ulikata kwangu, hapo nyuma ya zizi? Ama ng'ombe zangu siku hizi zinakaa China?”

Nilikuwa nimesahau kabisa! Saiprasi mbili, mwezi wa tano, na chai akanipa. Walicheka mpaka mchungaji akaomba utulivu. Mama Chepkurui alisema watalipeleka jambo hili kwa maombi. Najua maana yake.

Lazarus alikuwa ananingoja nje. Alinitazama usoni tu, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Jumapili, 6 Julai

Maombi yamejibiwa. Mpaka bei zishuke, kila familia ije na kiti chake. Watu walikuja na vigoda, na mabenchi, na viti vya marehemu babu zao. Chepchirchir alikuja na kile cha kukamulia maziwa, na harufu yake. Mimi, fundi wa viti, sikuwa na kiti. Nyumbani nina kimoja, nacho hakivumilii mahubiri marefu.

Mwihaki alisogea, akanipa nusu ya benchi lake. Akaninong'oneza kwamba tangu Jumanne hajauza hata stuli, na jana amemwachisha kazi Dolphine, msaidizi wake. Dolphine ana mama mgonjwa kule Ndanai. Nilikuwa nimeomba ushuru huu miaka mitatu, sikumwona Dolphine humo. Iliniuma. Nimeandika hapa ili nisisahau kwamba iliniuma.

Kisha kwaya ikaimba, nami nikaona kile kiwanda tena. Sasa kilikuwa na ghorofa.

Jumanne, 8 Julai

Lazarus anasema watu sita wameleta viti vya zamani virekebishwe, baada ya vingine kuvunjika ibadani. Nikamwambia sisi si watu wa viraka. Sisi ni kiwanda! Akauliza kiko wapi. Nikamwonyesha bondeni.

Alifunga randa na patasi zake kwenye gunia. Akanishika mkono, akasema asante kwa miaka yote hiyo. Nilitaka kumwambia abaki. Nikamwambia achunge asije akajuta.

Alivuka barabara.

Jumamosi, 12 Julai

Mwihaki amempa Lazarus baraza la duka bure. Dolphine amerudi, anapaka vanishi. Foleni imefika kwa muuza mahindi! Mzee Johana yumo, na viti vinne.

Karakana yangu iko kimya. Nilitengeneza kigoda cha miguu mitatu. Nilikikalia. Nikajikuta sakafuni, nikitazama paa, na nikakaa hapohapo muda mrefu. Nilimkumbuka sana Lazarus.

Mwishowe nikavuka. Lazarus alikichukua kigoda, akakinyoosha, akakataa pesa. Nikamnong'oneza kwamba anatoza mia na hamsini na hapa hana mshindani, apandishe iwe mia tatu. Alipuliza vumbi kwenye randa.

Nikarudi nikiwaza. Ukungu ulikuwa unashuka. Na jibu likaja, zuri, limekamilika! Nimemwandikia mwakilishi wa wadi barua ya kurasa mbili: kila kiti kinachotoka upande ule wa barabara kuja upande huu kilipiwe ushuru. Watu wa upande huu watabaki na mimi. Nami bei yangu nitaiweka chini kidogo ya ile ya kule. Kidogo tu.

Nimeandika haya nikiwa nimekalia kigoda cha Lazarus. Kimetulia vizuri sana. Bahati nzuri nimekivusha leo, kabla sheria haijaanza.