Odeta Asipate Leseni

Jumatatu, 2 Februari

Balaa! Nimeingia darasani, nimeandika ubaoni KWA NINI AJALI HUTOKEA, nimegeuka, na nani kaketi mstari wa mbele? Odeta. Binti yangu wa kumzaa. Akasimama na wenzake, akasema shikamoo mwalimu. Mwalimu! Chaki ilinidondoka.

Nieleze, ingawa humu hatasoma mtu. Nafundisha nadharia katika chuo cha udereva hapa Buzuruga, chumba cha juu, chini yetu duka la mbolea. Kijana anayetaka leseni anapita kwangu kwanza. Namfundisha mwendo kasi, usingizi, pombe, simu, matairi yaliyokwisha, kutoacha nafasi mbele. Nayajua yote. Na kwa kuwa nayajua, sishiki usukani. Leseni ninayo. Imo kabatini chini ya mashuka, na haijawahi kumgonga mtu.

Jioni nimembana mke wangu Teodora. Kumbe anajua tangu Krismasi, na Odeta ameshafundishwa usukani na mjomba wake! Zahanati moja ya misheni kwao Sengerema inatafuta dereva wa gari dogo la kupeleka chanjo vijijini, na wamemwahidi Odeta nafasi hiyo akipata leseni mwezi huu. Anaitaka kazi hiyo kuliko chochote. Nimeuliza kwa nini sikuambiwa. Teodora kasema walikuwa wanasubiri siku nitakayoweza kusikia neno gari bila kutoka jasho. Nimejifuta uso, nikamwambia siku hiyo ilishafika zamani.

Mtoto ninaye mmoja tu. Kila nikifumba macho namwona kwenye kona, na lori linakuja. Nimeamua: Odeta asipate leseni. Kwa upole, kwa upendo, na asijue.

Jumanne, 3 Februari

Mpango wa kwanza: vitisho. Nimeazima gereji boneti iliyokunjamana, nimeipandisha ngazi peke yangu, nimeiegemeza ubaoni. Nikafunga mapazia. Nikasimulia ajali moja baada ya nyingine kwa sauti ya chini, na kila gari lilipogonga nilipiga boneti kwa rula. Paa! Hata mimi niliogopa. Katikati nikavuta kiti, nikamalizia nimekaa.

Matokeo: Yakobo, kijana mwenye kifua kipana kama mlango, katapika dirishani. Mwenye duka la mbolea kapiga kelele. Wasichana wawili wameaga kabisa, wanasema bora cherehani. Na Odeta? Kanyoosha mkono. Kasema tumeambiwa magari yaligongana, lakini hatujaambiwa dereva angefanya nini mapema ili asigonge. Darasa zima likaitikia. Ikabidi nieleze: punguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, acha nafasi, ukichoka simama upumzike. Anaandika kila neno! Nimetaka kumzuia, nimemnoa.

Shimba alisikia. Huyu ndiye mwalimu wa vitendo. Ana gari, ana miwani ya jua, na wanafunzi wanampenda sijui kwa lipi. Kanisubiri kwenye ngazi: “Mwalimu Zadok, ungekuwa daktari wewe, wagonjwa wangekufa wakiwa kwenye foleni.” Kisha kaongeza kwamba dereva mwoga ni hatari sawa na dereva jeuri, maana anafunga breki bila sababu na wa nyuma anamwingia. Nimekataa katakata. Ni kweli, nalifundisha mwenyewe, lakini likitoka kinywani mwa Shimba nalikataa.

Mama Rose, mwenye chuo, naye kapanda juu. Kasema mwanafunzi mwingine akikimbia, nami nimfuate hukohuko.

Jumatano, 4 Februari

Mpango wa pili: barabara yenyewe imkatishe tamaa. Nikamshauri Shimba ampeleke Odeta karibu na stendi jioni, mabasi yakiingia, bodaboda wakipita kulia na kushoto, wapiga debe wakiruka mbele ya magari kama hawana mama. Nikaomba kiti cha nyuma. Nikasema nakagua.

Nilijifunga mkanda. Nikaufunga na wa pili, wa abiria ambaye hakuwepo. Odeta katazama vioo, kawasha indiketa, kaingia barabarani taratibu kama mtu anayebeba trei ya mayai. Bodaboda kamkata mbele, yeye kaachia tu nafasi. Mama wa ndizi kasita kando, yeye kapunguza mwendo kabla yule mama hajaamua lolote. Shimba anapiga mluzi! Mimi nimekwishasali sala zote ninazozijua na naanza upya.

Hapo nikamwona mbuzi. Nikapiga yowe. MBUZI! Nikamrukia Odeta begani. Kafunga breki, matairi yakalia, na lori la nyuma likasimama pua yake ikigusa buti letu. Dereva wa lori kashuka akatutukana, akaanza na mimi, akamalizia na ukoo wangu wote wa Shirati. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye nguzo, anatafuna boksi.

Shimba hakupandisha sauti. Kamuuliza Odeta chanzo cha ajali iliyotaka kutokea ni nini. Odeta kajibu: abiria. Kamuuliza hatari hiyo inapunguzwaje. Kajibu: ashuke.

Nimerudi kwa miguu.

Alhamisi, 5 Februari

Sikulala vizuri. Kozi yetu ni ya wiki moja, mtihani wa leseni ni kesho. Mpango wa tatu ndio wenye akili: kuonana na afande wa trafiki anayetahini. Nilitaka kumnong'oneza tu, mzazi kwa mzazi, kwamba binti yangu bado mbichi, amfelishe kidogo, ajaribu tena mwakani au mwaka wa baadaye.

Nimemkuta chini ya mwavuli wake. Nikaanza mbali. Nikasema afande, mimi ni baba, na kesho kuna binti anaitwa Odeta. Sikufika hata nusu. Macho yamemtoka! Kasema kila mwaka wanakuja akina baba kama mimi, kila mmoja na binti yake, kila mmoja anataka apitishwe kwa mlango wa uani. Nikasema hapana afande, mimi nataka kinyume. Kasema hajawahi kusikia uongo wa namna hiyo tangu avae magwanda. Kanihutubia kuhusu rushwa mbele ya watu, na wauza karanga wamesimama wanasikiliza. Kasema madereva wa leseni za kununua ndio wanaojaza makaburi. Nikajikuta naitikia kwa kichwa, maana ni kweli tupu.

Mwisho kaniuliza jina la huyo binti tena, ili ampe mtihani wa kumkomesha. Nimelitaja, nikaondoka mbio. Halafu njiani nikaanza kufurahi. Wa kumkomesha! Huenda mambo yamekaa sawa.

Ijumaa, 6 Februari

Kapita.

Afande kamtaka arudi kinyumenyume mlimani, kamsimamisha katikati ya mteremko, kamuuliza maswali ambayo mimi mwenyewe ningeomba muda. Kapita yote. Shimba kambeba juujuu uwanjani. Mama Rose kagawa soda. Nami nilipiga makofi kama wengine.

Jioni Odeta kaja kibarazani, kasimama mbele yangu. Afande alimwambia baba yake alikwenda kumwombea. Kaniuliza kama ndivyo. Machozi yanamlengalenga. Kasema siku zote alijua naogopa barabara, hakujua kwamba simwamini yeye. Nilitaka kumwambia sikwenda kumwombea apite. Ulimi ulikuwa tayari. Kisha nikaona nikisema nilikwenda kuomba afeli, itakuwa mbaya zaidi. Nikainamisha kichwa. Nimeumia, sikutegemea kuumia namna hii.

Ijumaa, 13 Februari

Leseni imetoka. Picha yake inacheka.

Habari nyingine mbaya zaidi. Mama mkwe anavuka kesho kutoka Sengerema, anakuja kupimwa macho. Daraja jipya lipo, lakini yeye anapenda pantoni ya Kamanga, inamshusha mjini kabisa. Odeta ameazimwa gari na shemeji yangu, kaka wa Teodora, atampokea Kamanga ampeleke Buswelu kwa shemeji huyohuyo. Peke yake! Mjini! Siku ya soko!

Nikasema nitakwenda naye nikae mbele. Wote wakanitazama kana kwamba nimekohoa kanisani. Teodora kauliza nitakaa gari moja na mama yake? Nikakumbuka. Kwetu Shirati mkwe haketi karibu na mama mkwe, hata mkono hampi, wanasalimiana kwa mbali wakitazama pembeni. Kwao Sengerema vilevile. Miaka yote ya ndoa sijawahi kumwona yule mama uso wote.

Basi, sitakaa ndani ya gari. Nitakuwa nyuma yake. Hakuna mila inayokataza kuwa nyuma.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa.

Nilimkodi Elias, kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu. Kofia ngumu ilikuwa moja, kavaa yeye. Nikasema haidhuru, ni hapa karibu. Tukasubiri Kamanga hadi pantoni ilipofunguka na mama mkwe akashuka na kapu lake na kanga zake. Odeta kampakia nyuma, kahakikisha mkanda, kaondoka. Nikamwambia Elias mfuate. Elias kaacha nafasi nzuri mbele. Nikamwambia asogee, simwoni binti yangu. Kasogea. Nikamwambia bado. Kasogea tena. Kabla ya Buzuruga ningeweza kusoma namba ya gari kwa kidole.

Hapo moyo ukanituma. Je, kama anachezea simu? Vijana wa leo! Nikatoa yangu nikampigia, nimwonye asitumie simu akiendesha. Hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea. Nikaingiwa na hofu kuu. Kwa nini hapokei? Nilimwona kwa macho yangu mawili, anaendesha, mzima, mbele yangu, na bado nikaona amekufa. Nikapiga tena. Nikampigapiga Elias mgongoni nikamwambia binti yangu hapokei simu. Elias kageuka kunisikiliza.

Na Odeta kasimama. Penye alama za pundamilia akina mama wenye mabeseni ya dagaa walikuwa wanavuka, naye kasimama kama nilivyofundisha. Elias kageuza kichwa, kakwepa buti kwa unywele, tukaingia mtaroni, pikipiki, Elias, simu na mimi.

Elias hakuumia popote. Mimi mkono, na suruali. Suruali imepasuka kutoka kiunoni hadi gotini, kwa nyuma. Nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa. Nikaomba ardhi ipasuke. Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya mtaro! Kapiga yowe, kageuka kunipa mgongo, kajifunika kanga usoni, na kupitia mgongo huohuo kamwambia Odeta amuulize huyo baba kama amevunjika. Odeta kaniuliza. Nikamwambia Odeta amwambie mama sijambo. Kasema amwambie baba basi ajisitiri. Kanga ikarushwa mtaroni bila mtu kunitazama.

Odeta kawasha taa za tahadhari. Kaweka ile pembetatu nyekundu nyuma kabisa, mbali, ili magari yaione mapema. Kawaomba watu watoke barabarani. Kafanya yote! Kisha kanipakia mbele, bibi yake nyuma, na kanga ya pili ikatundikwa katikati kama pazia la kanisani, tukaenda hospitali hivyo.

Alipozima gari ndipo akanigeukia. Kasema: “Baba, simu ililia, ikalia, ikalia. Nikajua mama amefariki. Nilikuwa naishika nipokee, ndipo nikawaona wale akina mama wanavuka.”

Nililia, mbele ya pazia, na mama mkwe nyuma ya pazia kamwambia Odeta ampe huyo baba leso. Nimewafundisha vijana wangapi chanzo cha ajali, na leo nilikuwa chanzo mimi, nimevaa kanga. Nimemwahidi Odeta sitampigia simu tena akiwa barabarani. Nimeahidi mbele ya Mungu na mkwe.

Jumatatu, 16 Februari

Odeta ameondoka na gari la zahanati, masanduku ya chanjo yamefungwa vizuri nyuma. Kanikumbatia upande wa mkono mzima. Kaniuliza kama sasa namwamini. Nikasema namwamini. Nilimaanisha.

Teodora kaichukua simu yangu, kaenda nayo sokoni. Sawa. Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa. Nimeona lori, nimeona kona. Nikajikaza. Kisha ghafla nikaelewa, na niliona haya kwa nini sikuelewa mapema. Dereva mwema hapokei simu njiani! Ndivyo nilivyomlea, ndivyo nilivyomfundisha. Kwa hiyo simu ikilia isipokelewe, maana yake yu hai, macho yako barabarani, mikono iko kwenye usukani. Hakuna habari njema kuliko hiyo duniani. Hilo ndilo funzo, na nimelipata.

Nikaazima simu ya jirani. Nikapiga. Imelia hadi ikakata. Hapokei! Furaha gani hii! Nikamshukuru Mungu kwa sauti, jirani kashangaa.

Nimepiga tena, nihakikishe bado hapokei.