Ombi la Kufunguliwa Maporomoko Yaliyofungwa kwa Sababu ya Baridi

Ghorofa ya chini,
Nyumba yetu,
Madinat Sultan Qaboos, Maskati.

Kwa Ami yangu Hisham,
Ghorofa ya juu, nyumba hiyohiyo.

Ami yangu mpenzi,

Assalaamu alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba hutaikanyaga, maana nitaipitisha chini ya mlango.

KUH: BWAWA NA MAPOROMOKO YA NYUMA YA NYUMBA

Naandika kwa sababu Mama amesema mtoto hajibizani na mkubwa wake. Nilimuuliza kama kuandika nako ni kujibizana. Alifikiri kidogo, akasema, "Inategemea mwandiko." Basi mwandiko nimejitahidi.

Kabla haijapanda ngazi, barua hii itapita kwa Bibi Shaikha, mama yako, kwa kuwa ndiye anayenifundisha Kiswahili cha kuandika kila Ijumaa baada ya chakula. Ataangalia lugha tu. Nimemwomba asiguse hoja.

Mwezi wa Mei ulichimba bwawa, ukapanga mawe hadi kufikia dirisha la jikoni, na maji yakaanza kuporomoka. Uliyajenga hayo kwa ajili ya Bibi, ambaye aliwahi kusema kuwa katika mambo ya Unguja anaikumbuka zaidi sauti ya mvua kwenye michirizi ya nyumba yao ya Vuga. Ami, wako watoto waliowajengea mama zao nyumba, na wako waliowapeleka Hija. Sijasikia mwingine aliyemjengea mama yake mvua. Sote tulijivunia, na mimi niliandika insha juu yake shuleni.

Lakini Mei ndio mwanzo wa joto. Maji yaliporomoka kiangazi chote, na kiangazi chote sisi tulikuwa ndani, madirisha yamefungwa, viyoyozi vinanguruma. Waliofaidi mvua ya Bibi ni paka na mtu wa gesi. Bibi alikuwa akiyatazama maji kupitia kioo na kusema, "Ngojeni joto livunjike." Joto likavunjika Novemba. Bibi akatoa kiti chake nje. Wiki ileile ulishuka ngazi na kitabu cha maelekezo kilichokuja na pampu, ukatangaza kuwa msimu wa baridi umeingia na kwamba bwawa linafungwa.

Unajua pia alivyosema daktari wa masikio. Sikio la kulia la Bibi limeshachoka, na la kushoto linalifuata polepole. Kwa hiyo kwangu mimi baridi hii si kama baridi nyingine. Nataka Bibi aisikie mvua yake wakati bado anaweza. Hayo ndiyo ninayoyaomba, na malalamiko yanayofuata ni ngazi tu za kuyafikia.

1. Baridi yenyewe. Kitabu hicho kimeandikwa kwa watu wa nchi nyingine. Katika sura ya msimu wa baridi kuna picha ya mtu aliyevaa kofia ya sufu akisukuma theluji kwa koleo. Sisi hatuna koleo la aina hiyo. Nilitumbukiza kipimajoto bwawani saa za adhuhuri, kikasoma nyuzi ishirini na tano, na wewe siku hiyo ulikuwa umevaa fulana tupu, jasho linakutoka, umebeba blanketi. Nilipokuuliza ulinijibu, "Hajar, baridi haipigi hodi." Nimeitafakari kauli hiyo kwa adabu. Ni kweli haipigi hodi. Lakini pia haijaingia.

2. Mablanketi. Yale mazito yenye picha za chui, ambayo Mama huyaweka kwa safari ya mlimani Jabal Akhdhar, kwenye baridi ya kweli, sasa yamefunika mawe ya maporomoko. Mtu akitoka jikoni ghafla anakutana na chui wawili wakubwa. Mama amesema hana la kusema, na amelisema hilo mara nyingi.

3. Wavu. Kitabu kinataka bwawa litandikwe wavu wa kudaka majani yanayopukutika. Bustani yetu ina mitende miwili. Mtende haupukutiki, Ami. Mtende humwangusha anayeupanda, basi. Mpaka leo wavu umedaka kanzu ya Baba iliyopeperuka kutoka kwenye kamba, kandambili moja, na paka wa Bi Sabah jirani, ambaye aliokolewa lakini hakushukuru.

4. Samaki. Kitabu kinasema samaki wapelekwe mahali pasipoganda. Nyumba hii haina mahali panapoganda isipokuwa friza, kwa hiyo ungeweza kuwapeleka popote. Ukachagua hodhi la bafu la wageni. Ijumaa iliyopita rafiki yako Mzee Suud aliingia kutawadha kwa ajili ya Magharibi, akatoka haraka kuliko alivyoingia. Alikuuliza mbele ya majlis nzima, "Hisham, hawa waliotangulia kufika, umewapa kahawa?" Wageni walicheka hadi adhana. Na kwa kuwa kitabu kinasema samaki hawali wakati wa baridi, wananyimwa chakula. Wanapanua midomo kila mtu anapoingia, kama wanafunzi wanaosubiri kengele. Mtu hawezi kufanya lolote mle akiwa na amani.

5. Mbu. Maji yaliyosimama huzaa mbu, na samaki waliokuwa wakila viluwiluwi wako bafuni wakifunga saumu. Hivyo tumewaondoa walinzi, tukawaachia wezi nyumba, kisha tukawafunika blanketi wasipate mafua.

6. Kifaa cha kuzuia barafu. Kimeagizwa kutoka nje, kimechomekwa jikoni, waya wake unapita dirishani, na dirisha haliwezi kufungwa. Kazi yake ni kuacha tundu wazi katikati ya barafu. Nakiri kuwa kinafanya kazi vizuri sana. Tangu kiwekwe, hatujapata barafu hata kidogo.

7. Majirani. Hili ni zito na naliandika kwa haya. Sauti ya maji ilikuwa pazia baina yetu na wao. Sasa pazia limeanguka, na wakati huu wa mwaka Bi Sabah na binti yake Balqees hukaa nje kila jioni na birika la kahawa, wanazungumza mambo ya harusi ya Balqees itakayokuwa mwezi wa pili. Kila neno linatufikia. Bi Sabah anataka ukumbi wa Khuwair ya Kusini, karibu na dada zake. Balqees anataka hoteli ya Qurum. Juzi Balqees alisema, "Mama, harusi hii ni yangu au yako?" Bi Sabah akamjibu, "Yako ni ndoa. Harusi ni yangu." Mimi sikupaswa kuyajua haya, na sasa siwezi kuyasahau.

8. Bibi. Anayeteseka zaidi na hilo la saba ni yeye. Kila baada ya Alasiri anatoka na kiti chake, mahali palipokuwa na mvua pana chui, na masikio yake, maskini, hayana pa kukimbilia. Nimemwona akivuta kiti mpaka kwenye ukuta, nadhani kuukwepa wavu. Anageuza upande wa sikio la kushoto, lile lenye nafuu, na anafumba macho kwa uchungu. Jana nilimwendea kumuuliza kama anahitaji mto, akainua mkono ninyamaze. Sijapata kumwona mtu amehuzunika vile. Nimemweleza Baba. Baba anacheka tu na kusema, "Mwache ami yako, ana lake jambo." Hilo jambo ndilo ninaloomba lifikiriwe upya.

Ami, tulifundishwa kuwa sheria ikiwa ya haki huwahusu wote. Ikiwa kitabu cha pampu ndiyo sheria ya Maskati, basi bwawa letu lisionewe peke yake. Mitende nayo ivikwe sweta. Bahari ya Qurum ifunikwe wavu, na mtu aandikiwe barua ili samaki wote wa pale wapelekwe kwenye mabafu ya wageni ya nyumba za jirani, ambazo ni kubwa kuliko yetu. Migahawa ya ufukweni, ambayo mwaka mzima husubiri miezi hii, ifungwe. Na harusi zote zinazofanywa sasa kwa sababu hewa ni nzuri zihamishiwe Julai, ili maharusi wapate joto la kutosha kama kitabu kinavyopenda. Bi Sabah na Balqees wataarifiwa kupitia ukutani.

Kama hayo hayawezekani, naomba mambo mepesi zaidi: pampu irudishwe, maji yafunguliwe, samaki waende kwao, na chui warudi kabatini. Na ikiwa ni lazima bwawa lipate baridi, Jabal Akhdhar ipo. Lipelekwe huko kwa wikiendi moja. Sisi wengine tutalisubiri hapa na Bibi.

Nasubiri jibu lako kwa matumaini, chini ya ngazi. Nisalimie mkeo Bi Hadeel, na umwambie blanketi lake la maua ya waridi nalo limo, chini ya chui wa kulia. Mama na Baba wanakusalimu. Wasalimie pia samaki ukienda kunawa, maana wewe ndiye wanayekutazama zaidi.

Ni mimi mtoto wako mtiifu,
Hajar binti Loay,
Darasa la tisa.

N.B. Ami, tafadhali usome hapa kabla ya kufanya lolote.

Bibi amenirudishia barua. Lugha amesema ni safi, isipokuwa nimekulaumu kwa urefu. Kisha akaniambia nikae, akaniuliza, "Nani aliyekwambia mimi nnataka maji yafunguliwe?" Kweli, hakuna aliyeniambia.

Basi nimejua kuwa siku ileile aliyotoa kiti chake nje, yeye mwenyewe ndiye aliyekuita akakwambia, "Hisham mwanangu, mvua yako nzuri, lakini simsikii Sabah." Na wewe, ili mtu asije akasema mama yako anawategea majirani sikio, ukaenda kutafuta baridi kwenye kitabu. Bibi anasema umemstiri, na Mungu atakustiri. Lakini amesema pia, "Nilimwambia afunge maji. Sikumwambia alete theluji."

Nilimkumbusha kwa adabu kuwa kusikiliza mazungumzo ya watu ni haramu. Akanijibu, "Kusikiliza ni kwenda kwenye ukuta wa mtu. Huu ukuta ni wetu." Hoja ya pili ningeiandika, lakini nilikuwa nimeshamaliza karatasi nzuri.

Halafu akaniambia kitu ambacho hakikuwemo katika insha yangu ya shule. Alisema, "Mvua ilikuwa ikinyesha Vuga, tulikuwa hatusikii kitu, tumekaa tu kila mtu kwao. Nnachokikumbuka mimi, mjukuu wangu, ni ile mvua ikishakatika. Watu wanafungua madirisha, mtaa mzima unaanza kusema kwa pamoja."

Tangu hapo nimepewa kigoda upande wa kushoto. Maneno yanayompita Bibi namrudishia polepole, na ananiambia nisiongeze yangu.

Kwa hiyo nafuta lalamiko la kwanza, la saba na la nane, pamoja na ombi lenyewe. Maji yabaki yamefungwa. Samaki tu warudishwe wapate kula viluwiluwi, maana Bibi anaumwa na mbu na anaogopa kuwapiga kwa sauti. Mablanketi ya chui yatolewe, ila lile la waridi tuachiwe, tumeshalivuta na tunalikalia.

Na kuhusu baridi, Ami, tunaomba iongezwe mpaka harusi ya Balqees ipite.