Wareno Waturudishie Herufi Zao

Mambrui, Malindi

Mheshimiwa Balozi wa Ureno,

Natumai u mzima wa afya. Mimi si mzima. Watu wako wanaibadilisha lugha yao kila kukicha, na hasara inanishukia mimi.

Kazi yangu ni kuwaongoza wageni kwenye nguzo ya Vasco da Gama na kanisa dogo la Wareno. Kireno nilijifunza kwa kanda za zamani alizoniachia mtalii, nami nikakisoma kwa adabu niliyofunzwa chuoni tulipokuwa tukisoma Kurani: kila herufi itoke mahali pake kinywani, na anayeteleza arudie tangu mwanzo. Wanafunzi wangu niliwafundisha vivyo hivyo, mkekani. Mmoja wao, Kabibi wa Ganda, alitoroka akaenda kupiga soga na watalii ufuoni. Sasa wageni wanamtaka yeye tu, na Ijumaa chama chetu cha waongoza wageni kinapiga kura kuamua kama awe mwenyekiti badala yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nawaamkia Wabrazili "bom dia" safi kabisa, nao wananijibu "bon jia", huku wakinitazama kama maiti aliyefufuka. Kabibi anasema ulimi unaikimbilia i kabla haijafika, basi d inalainika yenyewe. Mimi nasema huo ni uvivu.

2. Watu wa Lisboni nao, s ya mwisho wa neno wanaifanya sh, utadhani wanabembeleza mtoto alale. Niliwasahihisha pale pale nguzoni. Bibi mmoja alirudi garini kwa hasira.

3. Hili linaniuma zaidi. Wabrazili wameimeza l ya nchi yao wenyewe! Wanasema "Braziu". Mtu aliyeshindwa kulinda herufi ya kwao atalinda nini?

Kwa hiyo naomba uweke mkaguzi katika uwanja wa ndege wa Malindi. Kila msemaji wa Kireno asomeshwe herufi zake kabla ya kutoka, na atakayeshindwa aletwe mkekani kwangu mpaka zinyooke. Hilo likiwa gumu, njooni mchukue nguzo yenu. Kubomoa tutawasaidia.

Nisalimie jamaa wote wa ubalozini, wapishi na walinzi, hasa wanaotamka vizuri.

Wako mwenye herufi zote,
Shee Bwanaheri

Nyongeza baada ya salamu: Barua hii nimemsomea mama yangu, Bi Mwanaesha, akacheka akashika mbavu. Kanikumbusha kuwa utotoni nilisema "ndia" na "mato" kama yeye. Nikaenda kusoma Kilifi, nikampenda msichana wa huko, nikarudi nasema "njia" na "macho". Mama alilia siku hiyo, akidhani nimewaacha watu wa kwetu. "Kumbe ulikuwa wataka kupendwa tu," kaniambia leo alfajiri.

Asubuhi hii nimewakuta Wabrazili kanisani wakiwa na Kabibi. Nikafungua kinywa, ikatoka "bon jia". Mzee mmoja akanikumbatia. Kabibi hakucheka, alinipisha mbele. Ijumaa kura yangu nampa yeye. Nguzo iacheni ilipo.